Farasi Mia Tatu wa Kwendea Sokoni

Kuna maneno yamezuka siku hizi katika vijiwe vyetu vya Mkuyuni, toka kituo cha daladala mpaka vibarazani mwa misikiti baada ya Alasiri, nayo ni maneno ya magari. Zamani mtu akitaka kununua gari aliuliza mambo matatu: lanywa mafuta kiasi gani, spea zake zapatikana, na je, laweza kupanda mlima wetu wa mawe likiwa limebeba watu? Leo swali limegeuka. Kijana humwuliza mwenziwe: lina turbo? Lina farasi wangapi? Latoka sifuri mpaka mia kwa sekunde ngapi? Na akijibiwa kwamba gari ni Vitz ya kawaida, hucheka kama aliyeambiwa kuwa mtu amenunua punda.

Gari linalosifiwa ni la namna moja, na yafaa tulieleze ili tusibishane juu ya kitu tusichokijua. Kwa umbo ni gari dogo la nyumbani, lile lisilo na buti la kutokeza, ambalo mlango wake wa nyuma hufunguka kwenda juu pamoja na kioo chake. Kwa ndani ni kitu kingine: injini yenye turbo, klachi ngumu, breki pana, shokapu za mashindano, na ekzosi ambayo sauti yake huwaamsha watoto wachanga toka Igogo mpaka Butimba. Kwa Wajerumani ni Golf GTI na ndugu yake Golf R. Kwa Wajapani ni Subaru Impreza WRX STI ile iliyokatwa nyuma, na huyu mgeni wa juzi, Toyota GR Yaris. Vijana huyaita "ndinga" yote kwa jumla, neno ambalo mimi sijui limetoka wapi, lakini nimekwisha kulizoea.

Swali lililoulizwa ni hili: gari hilo lastahili bei yake, au halistahili? Mimi nasema, wala siumi maneno: kwa mtu wa hapa, kwa barabara za hapa na kwa kipato cha hapa, halistahili, na kwa wengi walinunuao, kulinunua kwenyewe ni israfu iliyo wazi. Nitaleta hoja zangu na nitaleta hoja zao, kwani si uadilifu kumhukumu mtu kabla ya kumsikiliza.

Kwanza niwape haki yao. Mwendo wa kasi si haramu. Asije mtu akanipachika maneno kwamba sheikh fulani wa Mwanza ameharimisha turbo. Mtume (S.A.W.) alishindanisha farasi pale Madina, na wanazuoni wa fikihi wameandika milango mizima juu ya mashindano ya farasi, ya ngamia na ya mishale: zawadi gani yafaa, nani aitoe, na ni wakati gani zawadi yageuka kuwa kamari. Wao hawakuuona mwendo kuwa ni uovu. Walakini tazama walivyoweka: uwanja ulijulikana, mwanzo wake na mwisho wake, farasi waliofunzwa walipewa masafa yao, na wasiofunzwa wakapewa masafa mafupi zaidi. Hakuna aliyeambiwa apitishe farasi wake wa vita katikati ya soko ili wauza tende wajue kuwa amefika.

Pili, sitasema kwamba magari haya ni ubatili mtupu, ati ni gari la kawaida lililopakwa rangi na kufungwa bawa la nyuma. Huo ni uwongo, na uwongo haufai hata katika hoja nzuri. Mafundi walioyatengeneza ni watu hodari. Golf GTI ya kwanza ilitoka Ujerumani mwaka 1976. Injini yake ilikuwa ya sisi 1,600 tu, nguvu zake farasi 110, nayo ikafika kilomita 182 kwa saa, mwendo ambao wakati ule ulikuwa wa magari makubwa ya matajiri. Kiwanda kilikusudia kuunda magari 5,000 tu, na tangu hapo yameuzwa kwa mamilioni. Subaru ile ya mwaka 2007 iliuzwa kwao Japani ikiwa na injini ya lita 2 yenye nguvu za farasi 308, ikisukuma magurudumu yote manne. Nayo GR Yaris ya mwaka 2020 ina mitungi mitatu tu, sisi zake ni 1,618, na humo wametoa nguvu za farasi 272. Fundi yeyote wa gereji ya Mkuyuni anayejua kazi yake atakwambia kuwa kutoa nguvu hizo katika injini ndogo kama hiyo, isipasuke, ni kazi ya kuvuliwa kofia.

Basi thamani imo ndani ya chuma. Lakini kuwa na thamani ni jambo moja, na kuwa na thamani kwako wewe uliyeshika noti mkononi ni jambo jingine. Nanga ya meli ni kitu cha thamani, na mwenye mtumbwi wa kuvulia dagaa akiinunua atazama nayo.

Hoja yao kubwa, na ndiyo iliyowateka vijana wetu, ni kwamba gari hili ni mawili kwa bei ya moja. Wasema: asubuhi lapeleka watoto shule, mchana laleta gunia la mchele toka sokoni, na jioni lashindana na gari la mamilioni. Sikilizeni hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Gari tulilolijua hapa kwa jina la Vitz, ambalo nusu ya wauguzi na walimu wa mji huu wamelipanda au wamelitamani, huko Japani lilibadilishwa jina mwaka 2020 likaitwa Yaris kama linavyoitwa nchi nyingine. Mwaka huo bei yake huko ilianzia yeni 1,395,000. Mwaka huohuo GR Yaris ya daraja liitwalo RZ iliuzwa yeni 3,960,000. Ni karibu mara tatu. Je, kwa mara tatu hiyo walikuongezea nini cha kupeleka watoto na kuleta mchele? Walikupunguzia! Yaris ya kawaida ina milango miwili kila ubavu, na ukihesabu na wa nyuma ni mitano. GR ina mitatu tu. Ya kawaida hubeba watu watano, GR hubeba wanne, na wale wawili wa nyuma yawapasa wapinde shingo na kupita nyuma ya kiti cha mbele kama watu waingiao pangoni. Mwiteni mama mtu mzima mwenye maumivu ya goti, mwambieni apande nyuma, kisha muulizeni kama amepata magari mawili kwa bei ya moja.

Kwa hiyo fedha yote iliyozidi ilikwenda katika mwendo. Na hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Je, huo mwendo ulioununua utautumia wapi?

Wajerumani walipounda GTI yao walikuwa na barabara zao kuu ambazo sehemu zake nyingi hazina kikomo cha mwendo mpaka leo. Mtu wa huko akinunua mwendo ana mahali pa kuutia. Sisi twaishi Mkuyuni. Barabara yetu kubwa ni hii iendayo Shinyanga, yenye daladala zinazosimama kila hatua, bodaboda wanaotokea kushoto na kulia, wanafunzi wanaovuka makundi kwa makundi, na mama mwenye beseni la ndizi kichwani asiyeweza kugeuza shingo. Sheria yetu ya usalama barabarani ya mwaka 1973 yatutaka tusizidi kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi ya watu. Na toka mjini kati mpaka ukipite Buhongwa, niambieni ni wapi pasipokaa watu. Ukiiacha barabara kubwa na kupanda kwenye nyumba zetu, wajua mwenyewe: mawe, mifereji iliyochimbwa na mvua, na kona ambayo magari mawili yakikutana mmoja lazima arudi kinyumenyume. Na gari hilo limevikwa tairi za 225/40 juu ya rimu za inchi 18, yaani mpira wenyewe ni ukanda mwembamba wa kama vidole vinne baina ya chuma na jiwe. Mawe ya Mwanza hayajali jina la kampuni.

Basi mwenye gari hili ana njia mbili, hana ya tatu. Ama ataliendesha kwa mwendo wa 50 kama watu wengine, na hapo atakuwa amelipa fedha nyingi kwa kitu asichokitumia. Au atakitumia alichokilipia, na hapo atakuwa amevunja sheria na kuziweka roho za watu rehani. Akichagua ya kwanza, ni israfu. Akichagua ya pili, ni dhulma. Nimewauliza vijana wengi wanionyeshe njia ya tatu, na jibu walilonipa ni "usiku barabara huwa tupu". Usiku ndio wakati wanaorudi walinzi, wauguzi wa zamu na wavuvi.

Wengine wamekuja na jibu la daraja. Wasema: sheikh, sasa tuna daraja la Kigongo–Busisi, barabara imefunguka. Ni kweli, na ni neema kubwa. Daraja lile la kilomita 3 limefunguliwa Juni 2025, na sisi tuliokuwa tukingoja kivuko hali ya kuwa mgonjwa amelala nyuma ya gari twajua uzito wake kuliko wao. Lakini pigeni hesabu. Kilomita 3 kwa mwendo wa 50 ni dakika tatu na nusu na kitu. Kwa mwendo wa 100 ni chini kidogo ya dakika mbili. Umeokoa dakika moja na sekunde hamsini hivi. Utaifanyia nini dakika hiyo huko Sengerema?

Kisha yaja hoja ya breki. "Gari hili lina breki kubwa, kwa hiyo ni salama kuliko gari la kawaida." Hii ni hoja ya mtu mwenye akili, na yataka jibu la akili. Ni kweli kwamba kwa mwendo uleule, gari lenye breki nzuri na tairi nzuri husimama mapema zaidi. Lakini hakuna anayenunua farasi 300 ili aende kwa mwendo uleule. Na kanuni ya mwendo, aliyoiumba Mwenyezi Mungu na si kiwanda, ni kwamba mwendo ukizidi mara mbili, masafa ya kusimama hayazidi mara mbili bali mara nne. Kwenye lami kavu, gari zuri likienda 50 lahitaji kama mita 12 tangu breki kukamata mpaka kusimama. Likienda 100 lahitaji kama mita 48. Na hapo hatujahesabu ile sekunde moja ambayo jicho laona na mguu haujafika kwenye breki: katika sekunde hiyo gari la mwendo wa 100 limekwisha kula mita 28 zaidi. Mtoto aliyekimbilia mpira hayuko umbali wa mita 76. Yuko umbali wa mita 20. Shirika la Afya Ulimwenguni lilieleza mwaka 2023 kwamba watu wapatao 1,190,000 hufa barabarani kila mwaka duniani, na kwamba kwa wenye umri wa miaka 5 mpaka 29 hakuna kinachoua zaidi ya hicho. Umri huo ndio umri wa wanafunzi wangu wote.

Nisiache habari ya Safari Rally, maana ndiyo iliyowapandisha mori. Mimi nimeyasikia mashindano hayo redioni tangu utoto wangu; yalianza mwaka 1953, na miaka hiyo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kabla ya kubaki Kenya peke yake. Yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 pale Naivasha, Toyota ilishinda, na mwaka 2022 ikachukua nafasi ya kwanza mpaka ya nne, na mwaka 2023 ikazichukua tena zote nne. Vijana wakaona: hilo ndilo gari! Wanangu, tazameni vizuri. Gari lililokimbia Naivasha mwaka 2022 na 2023 lilikuwa na kiunzi cha mabomba ya chuma kilichoundwa mahsusi, na mota ya umeme iliyosaidia injini. Linalouzwa dukani halina hayo. Jina ni moja na sura zafanana, lakini anayenunua moja akidhani amepata jingine ni kama anayenunua kanzu ya sheikh akidhani amepata na elimu yake.

Na kama ni kuiga mashujaa, mbona hawamwigi Joginder Singh? Fundi huyu wa Kenya alishinda Safari ya mwaka 1965 kwa Volvo lililokuwa limekwisha tumika mashindanoni kabla ya kufika mikononi mwake. Halikuwa jipya wala halikuwa la kifahari. Alilifungua mwenyewe, akalijua kila nati, kisha akawashinda waliokuja na magari mapya toka viwandani. Akashinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Kwake ushindi ulikuwa katika mikono na subira. Kijana wetu hajui hata kubadili plagi, lakini amebandika jina la mashindano kwenye kioo cha nyuma.

Sasa tuingie katika bei yenyewe, maana wengi hutaja ile iliyoandikwa kwenye picha ya mwuzaji wa Japani, na hiyo ni nusu ya habari. Gari likifika bandarini Dar es Salaam, hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 juu ya bei, nauli na bima; juu ya hapo ushuru wa bidhaa kwa kadiri ya ukubwa wa injini; juu ya hapo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18; na gari lililopita umri wa miaka kumi huongezewa ushuru mwingine wa uchakavu. Kwa gari kuukuu yote hayo hukaribia bei yenyewe ya gari. Mimi siilaumu kodi. Ndiyo iliyojenga lile daraja. Nasema tu kwamba Subaru ya mwaka 2008 ikikugharimu mamilioni kadhaa, karibu nusu ya fedha hizo haikununua hata farasi mmoja. Umelipia nguvu 308, na ulizopata ni zile zilizobaki baada ya miaka kumi na saba ya mguu wa mtu usiyemjua huko Osaka au Nagoya. Na mwenye gari kama hilo hulikanyaga, ndiyo sababu aliyolinunulia! Wewe walinunua baada ya raha yake kwisha na kabla ya maradhi yake kuanza.

Kisha mkanda wa taimingi, unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita laki moja, na ukikatika valvu na pistoni hugongana. Kisha oili ya daraja maalumu, kisha turbo, kisha klachi. Kwa Vitz, spea ya mtumba utaipata kabla ya Adhuhuri, na ukikosa kwa huyu utapata kwa jirani yake. Kwa hili utapiga simu Dar es Salaam, na Dar watapiga simu Dubai.

Nitawaeleza jambo moja lililoletwa mbele yangu, kwa kuwa watu wa mtaa hunijia katika mambo ya mirathi. Sitataja jina la mtu wala la ukoo. Mzee mmoja alifariki, akaacha mke, binti wawili na mwana mmoja wa kiume. Wazazi wake walikwisha tangulia, na deni hakuwa nalo. Kiwanja chake kikauzwa shilingi milioni 60, na fedha zikawekwa mkononi mwa yule mwana kwa kuwa ndiye mwanamume wa nyumba. Hesabu ya sheria ni nyepesi: mama apata thumni, milioni 7 na nusu, kilichobaki chagawanywa mafungu manne, mawili ya mwana na moja moja kwa kila binti. Mwana apata milioni 26 na laki mbili u nusu. Kila binti milioni 13 na laki moja na elfu ishirini na tano.

Kijana akaagiza gari. Subaru ya bluu, rimu za dhahabu. Lilipofika Mkuyuni likiwa na namba na bima, lilikuwa limekula milioni 46. Zikabaki 14, kwa watu watatu ambao haki yao ni karibu milioni 34.

Aliitwa, akaja kwa adabu, akaamkia, akaketi. Nikamwuliza: "Mwanangu, gari hili ni la nani?" Akasema, "Ni la kwangu, sheikh." Nikamwambia twende taratibu: katika kila shilingi 100 ya gari hili, 57 ni zako, na 43 ni za mama yako na dada zako. Umewauliza kama wataka turbo? Akanyamaza. Kisha akasema neno ambalo nimelisikia kwa wengi: "Lakini sheikh, gari hizi hazishuki bei. Nikitaka kuuza leo nauza kwa faida." Nikamwambia auze. Gari lile liko chini ya mwembe tangu Mfungo Sita, na aliyefika juu kabisa alitaja milioni 31. Yule dada mdogo alikuwa amekubaliwa chuo cha uuguzi. Muhula ukaanza, ukapita.

Watu watasema: kosa hapo ni la kula amana, si la gari. Ni kweli, kosa ni la amana. Lakini mbona hakula amana kwa ajili ya pikipiki ya mizigo, au mashine ya kusaga, au boti? Kwa sababu vitu hivyo havimpandishi mtu kichwani mwa watu kwa siku moja. Bei ya gari hili ni kubwa kuliko kipato halali cha vijana wengi wanaolitamani, na hamu yake ni kubwa kuliko subira yao, na vitu viwili hivyo vikikutana lazima fedha itoke mahali: kwa dada, kwa mtaji wa duka, au kwa wakopeshaji wa riba waliojaa mjini. Wazee wa Kisukuma wa hapa kwetu, ukiwaambia umenunua kitu cha thamani ya zizi zima, swali lao la kwanza ni kama chazaa. Sijasikia bado swali la kibiashara lililo bora kuliko hilo.

Lakini yuko ambaye mali ni yake kweli. Hana deni, zaka ameitoa, mirathi ya watu hajaigusa, watoto wake wasoma, wazazi wake wavikwa. Huyo asema: ni mali yangu, na roho yangu yafurahi. Kwa huyu sauti yangu yashuka kidogo. Wanazuoni wametofautisha mambo mawili: tabdhiri, ambayo ni kutia mali pasipostahili hata kama ni kidogo, na israfu, ambayo ni kuvuka mpaka katika jambo lililo halali lenyewe. Gari ni halali. Furaha ni halali. Mpaka wake uko wapi? Mimi nasema mpaka uko pale ambapo furaha yako haiwezi kutimia ila kwa hofu ya mwingine. Kama mtu huyu atalipeleka gari lake kwenye mashindano yenye uwanja, yenye kofia ngumu na daktari, akashindana mchana mbele ya watu waliokuja kwa hiari, mimi sina ugomvi naye, na pengine nitauliza nani ameshinda. Watu wa namna hiyo wapo, na kwao gari hilo lastahili bei yake kama mashua nzuri inavyostahili bei kwa mvuvi. Ila nimewahesabu hapa mtaani kwetu, na vidole vya mkono mmoja vimebaki.

Hoja ya mwisho ndiyo iliyo kali kuliko zote, na waliileta kwa sauti ya chini, kwa heshima, kama watu wanaojua kuwa wameshika kisu. Wakasema: "Sheikh, mbona mwatuandama sisi wenye gari dogo? Wakubwa wapita hapa na Land Cruiser za V8, zanywa mafuta mara mbili ya yetu, zapita kwa kasi zikiwasha taa, na hatujasikia hotuba ya Ijumaa juu yao. Na wengine katika masheikh hupewa lifti ndani yake."

Wamesema kweli, kila neno. Gari la kilo zaidi ya 2,000 likipita Mkuyuni kwa mwendo wa 120 laua vilevile kama Subaru, na aliyelipiwa mafuta na umma ana swali zito zaidi la kujibu kuliko aliyelipa kwa mfuko wake. Mwenye kuwatisha vijana na kuwanyamazia wakubwa, maneno yake yana nusu ya uzito. Ila hoja hiyo haikuliondoa gari la bluu chini ya mwembe, wala haikumlipia karo yule binti. Yawahusu wenye V8, nayo ni ndefu kuliko hii. Nimekwisha anza kuiandika, na wale wanaonipa lifti nimewaambia hivyo wakiwa wameshika usukani.